TUMBO LA KIJANA LIKIVIMBA, TUSITAFUTE MCHAWI

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, maswahaba zake na kila mwenye kuwafuata kwa wema mpaka siku ya malipo. Amma baad.

Ndugu zangu katika imani, wazazi na vijana, leo sitaandika juu ya swala wala funga. Nitaandika juu ya ini. Najua wapo watakaosema: mwalimu wa madrasa ameingiaje katika mambo ya madaktari? Jibu langu ni kwamba nimeingia kupitia makaburini. Mwalimu anayewazika wanafunzi wake ana haki ya kuuliza wamekufa kwa nini.

KISA CHENYEWE

Kijana huyu nilimsomesha mwenyewe. Alikuja madrasa akiwa na miaka sita, akahifadhi juzuu Amma kabla ya wenzake, na alipokua akawa fundi wa pikipiki hapa Bujumbura, mtu wa safu ya kwanza alfajiri. Alipofika miaka 27 akaanza kulalamika uchovu na maumivu chini ya mbavu za kulia. Baadaye mashavu na mabega yakakonda huku tumbo linakua, na macho yakawa njano.

Familia ikakaa kikao. Katika kikao kile hakuna aliyesema twende hospitali. Ikasemwa kwamba kijana amelishwa sumu, yale mambo ambayo kwa Kirundi tunayaita uburozi, na aliyemlisha ni mama yake mdogo, kwa sababu mwezi ule alikuwa amekula chakula kwake. Wakamleta kwangu nimsomee ruqya.

Nilimsomea wiki tatu. Na katika wiki hizo tatu sikumwuliza hata siku moja kama amepimwa. Wakati huo huo kulikuwa na mganga anamnywesha mizizi kwa malipo ya mbuzi na faranga ambazo mama mzazi alizikopa. Alipofikishwa hospitali hatimaye, daktari alimpaka ule mafuta mzito tumboni, akapitisha kifaa cha ekografi, akaninyooshea kidole kwenye kioo: ini limejaa makovu, ndani yake kuna uvimbe mkubwa kuliko ngumi, na tumbo limejaa maji. Kipimo cha damu kikaonyesha virusi vya homa ya ini aina ya B. Tulimzika siku ya kumi na tisa baada ya kipimo kile. Allah amrehemu.

Daktari alituomba jambo moja: mama mzazi na wadogo wa marehemu wapimwe damu. Walikuwa wadogo wanne. Mama alikutwa na virusi. Wadogo wawili wanaomfuatia marehemu walikutwa navyo. Wawili wa mwisho walikuwa salama. Wote watano walikuwa wazima wa kuonekana, wanatembea, wanafanya kazi, hawaumwi popote.

Sasa nawauliza waliokaa kikao kile, na mimi nilikuwemo: je, mama mdogo aliwalisha wote?

NDIMI MBILI ZINAZOUA

Kijana wa Kiislamu akiugua ini katika mitaa yetu, Buyenzi, Bwiza, Kinama na kwingineko, ndimi mbili humwinukia. Ulimi wa kwanza unasema karogwa. Ulimi wa pili, na huu ni mchafu zaidi, unasema kwenye kijiwe cha kahawa: ini ni ugonjwa wa walevi, kumbe yule safu ya kwanza alikuwa anakunywa kwa siri.

Ulimi wa kwanza unamtwisha dhambi jirani au ndugu asiye na kosa. Ulimi wa pili unamtwisha dhambi mgonjwa mwenyewe. Na vyote viwili vinamchelewesha hospitali, kwa sababu aliyerogwa hupelekwa kwa mganga, na anayeogopa kuitwa mlevi huficha maumivu mpaka yasifichike.

Allah (S.W.) katika Suratul Hujurat aya ya 12 ametuamrisha tujiepushe sana na dhana, na akatujulisha kuwa baadhi ya dhana ni dhambi. Katika Suratul Israa aya ya 36 ametukataza kufuata tusilokuwa na elimu nalo, kwani masikio, macho na moyo vyote vitaulizwa. Sisi tunazisoma aya hizi kwa tajwidi nzuri, kisha tunatoka msikitini tunamtaja aliyemroga fulani bila ushahidi wa mtu mmoja.

Sikatai kwamba pombe huharibu ini. Pombe ni haramu na huharibu ini na akili na nyumba, hilo halina mjadala. Ninachokataa ni kumgeuza kila mgonjwa wa ini kuwa mlevi. Hapa kwetu kijana anaweza kufa kwa ini na hajawahi kuonja hata tone.

UGONJWA UNATOKA WAPI

Nilijifunza haya kwa kuwauliza madaktari, na kila mzazi anaweza kuwauliza vile vile.

Sababu kubwa ya kwanza ni homa ya ini aina ya B. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 duniani walikuwa wanaishi na virusi hivi, na milioni 65 kati yao wako katika kanda ya Afrika. Mwaka huo huo vilikufisha watu milioni 1.1, wengi kwa ini kusinyaa na kwa saratani ya ini. Virusi hivi haviambukizwi kwa kula sahani moja wala kwa kupeana mkono. Hupita kwa damu, kwa tendo la ndoa, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa.

Zingatia jambo hili, kwani ndilo linaloeleza kwa nini wanakufa vijana. Mtu mzima akiambukizwa, mara nyingi mwili wake huvishinda virusi; wanaobaki navyo ni chini ya watu 5 katika 100. Lakini akiambukizwa mtoto mchanga, takriban 95 katika 100 hubaki navyo. Hukaa kimya ndani ya ini miaka ishirini au thelathini, vikilijaza makovu taratibu. Kwa hiyo chakula alichokula kijana wetu mwezi ule kwa mama yake mdogo hakikuwa na uhusiano wowote na maradhi yake. Dalili zote zilionyesha kwamba alikuwa nayo tangu utotoni, pengine tangu siku aliyozaliwa.

Burundi iliingiza chanjo ya homa ya ini B katika chanjo za watoto mwaka 2004, ndani ya ile sindano moja yenye kinga tano. Ndiyo maana wale wadogo wawili wa mwisho, waliozaliwa baada ya hapo na kuchanjwa, walikutwa salama. Maana yake ni kwamba wengi wa waliozaliwa kabla ya mwaka huo, yaani vijana wetu wenye zaidi ya miaka ishirini leo, wanaooa, wanaoolewa na kuzaa, hawakuchanjwa utotoni. Hao ndio ninaowaandikia.

Sababu ya pili tunaijua sisi watu wa ziwani na wa mashamba ya mpunga: kichocho cha tumbo. Minyoo yake hutoka kwa konokono wa maji baridi, hupenya ngozi ya mtu anayeoga, anayefua au anayelima majini, na mayai yake hukwama katika mishipa ya ini. Uwanda wa Rusizi na ukanda wa Ziwa Tanganyika umejulikana kwa kichocho hiki tangu zamani, na watafiti waliuchunguza sana miaka ya 1980. Mwaka 2007 nchi yetu ilianza kampeni za kugawa dawa ya prazikwanteli mashuleni. Anayekaa na kichocho miaka mingi bila dawa, mishipa ya ini lake huwa migumu, wengu huvimba, na siku moja hutapika damu nyingi ghafla akiwa bado kijana. Ndugu zetu wavuvi wa Ziwa Albert, Uganda, wanalijua balaa hili. Na mtu anayetapika damu ghafla, hapa kwetu, nani atasema ni konokono? Watasema sumu.

EKOGRAFI INAONA NINI, NA HAIONI NINI

Wengi wetu tunadhani ekografi, au altrasaundi kama wanavyosema ndugu zetu wa Tanzania, ni kipimo cha wajawazito. Nimemsikia mwanamume mzima akisema haendi kupimwa tumbo kama mwanamke. Hii ni jahili.

Kifaa kile hakina mionzi wala sindano. Kinatuma sauti nyembamba mno ambayo sikio la binadamu halisikii, sauti inagonga viungo ndani na kurudi, na mashine inageuza mwangwi ule kuwa picha. Ini zima huonekana laini na lenye kingo nyoofu. Ini lenye makovu huonekana na vinundu na kingo za mawimbi. Daktari huona uvimbe, huona maji tumboni, huona wengu uliokua na mshipa mkubwa uliotanuka. Kwa kichocho, huona kuta za mishipa zimekuwa nene kama mabomba. Daktari Symmers aliyekuwa Cairo aliyaandika hayo mwaka 1904 baada ya kupasua maiti. Leo yanaonekana kwa mtu aliye hai, aliyelala kitandani anazungumza, kwa dakika chache tu.

Lakini tusiligeuze jambo hili kuwa uganga mwingine. Ekografi HAIONI virusi. Kijana anaweza kuwa na homa ya ini B na picha yake ikatoka safi, kisha akarudi nyumbani anashangilia. Kipimo cha damu ndicho kinachosema virusi vipo au havipo. Ekografi husema ini limefikishwa wapi. Mmoja hatoshi bila mwenzake. Na aliyekutwa na virusi, hasa mwenye makovu kwenye ini, hupimwa ekografi kila baada ya miezi sita, ili uvimbe ukianza uonekane ukiwa mdogo, wakati bado kuna la kufanya. Uvimbe wa kijana wetu ulionekana ukiwa mkubwa kuliko ngumi. Mashine ile ile ingeuona ukiwa mdogo kama punje ya harage, kama tungemleta.

Na aliyekutwa na virusi hajahukumiwa kifo. Wengine huhitaji kufuatiliwa tu. Wengine hupewa tenofoviri, kidonge kimoja kwa siku, ambacho hakiondoi virusi vyote lakini huvituliza na kulilinda ini. Na kichocho kikipatikana mapema, dawa yake ni ya vidonge vya siku moja.

WANAOSEMA TAWAKKUL INATOSHA

Huenda mtu akasema: ajali imeandikwa, hospitali haiongezi siku. Tunamjibu kwa Mtume (S.A.W.) mwenyewe. Imepokewa kutoka kwa Usama bin Sharik (R.A.) kwamba mabedui walimuuliza kama watafute tiba, naye akawaamrisha wajitibu, akawaeleza kuwa Allah hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa yake, isipokuwa uzee.

Na Sayyidna Umar (R.A.) alipokuwa njiani kwenda Sham akasikia kuna tauni, akarudi na watu wake. Abu Ubayda (R.A.) akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Allah. Akamjibu kwamba anaikimbia kadari ya Allah kwenda kwenye kadari ya Allah. Umar alikuwa na tawakkul kuliko sisi, na aligeuza ngamia.

Mwingine atasema: unaipinga ruqya? Hasha. Ruqya ni sunna, na nitaendelea kumsomea mgonjwa. Ninachosema ni kwamba anayesoma ruqya na huku anamzuia mgonjwa asipimwe, anatumia maneno ya Allah kuufungia mlango aliouacha wazi Allah. Nililifanya hilo kwa kunyamaza, na namwomba Allah anisamehe.

Dada mwingine atauliza juu ya stara, kwani anayepima huenda akawa mwanamume. Aombe mwanamke kwanza. Akikosekana, aende na mumewe au maharimu wake, afunue sehemu inayohitajika tu. Wanavyuoni wametufundisha kuwa dharura hukadiriwa kwa kiasi chake. Stara haikuwekwa ili mtu afe.

TUJISEME NA SISI WENYEWE

Sitaki kuwasema waganga wa mbali nikawaacha wa msikitini. Wapo ndugu zetu wanaouza chupa za habbat sauda na asali, wameandika juu yake kwamba zinamaliza homa ya ini kabisa. Habbat sauda ni neema na asali ni neema. Lakini nani alimpima mgonjwa damu kabla na baada, akaona virusi vimetoweka? Kumsingizia Mtume (S.A.W.) ahadi ya chupa yako ni jambo zito mbele ya Allah.

Wapo wapiga hijama wanaotumia wembe mmoja kwa watu wawili, au wanaosuuza vikombe kwa maji tu. Wapo ngariba wanaotahiri watoto wa mtaa mzima kwa kisu kimoja, wakata vilimi, wachanja chale, na vinyozi wenye wembe usiobadilishwa. Virusi vya homa ya ini B hukaa hai nje ya mwili siku saba au zaidi. Tone la damu usiloliona juu ya wembe linatosha.

Tuwaangalie Wamisri wapate kuwa somo. Kuanzia miaka ya 1950 mpaka ya 1980 serikali yao iliwatibu mamilioni ya watu kichocho kwa sindano, na sindano zile hazikuchemshwa ipasavyo. Nia ilikuwa njema, lakini zilisambaza homa ya ini aina ya C nchi nzima. Kisha hawakukaa wakitafuta mchawi. Kuanzia Oktoba 2018, ndani ya miezi saba, walipima karibu watu wazima milioni 50, na waliokutwa wagonjwa wakapewa dawa. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani likaitambua Misri kuwa iko njiani kuitokomeza homa hiyo. Hii ni nchi ya Waislamu kama sisi. Walilikiri kosa, wakapima watu.

TUFANYE NINI

Sitaki kulaumu tu bila kuelekeza. Haya yapo ndani ya uwezo wetu:

1. Kila kijana aliyezaliwa kabla ya 2004 apimwe damu homa ya ini B. Asiyekuwa nayo achanjwe. Aliyenayo aende kwa daktari na afanyiwe ekografi hata kama haumwi.

2. Akikutwa mmoja katika nyumba, wapimwe wote: mama, baba, ndugu, mke au mume na watoto.

3. Mama mjamzito apimwe. Akiwa na virusi aseme hospitalini mapema, maana mtoto anatakiwa kupata chanjo ndani ya saa 24 za kuzaliwa. Ile ya wiki ya sita inakuta pengine mtoto ameshaambukizwa. Katika kanda ya Afrika, mwaka 2022, ni watoto 18 tu katika 100 waliopata chanjo ya siku ya kuzaliwa. Wazazi tuidai.

4. Wanaooana wapime homa ya ini B pamoja na vipimo vingine. Tahadharini: kukutwa na virusi si sababu ya kuvunja posa. Mwenzake huchanjwa, wakaoana wakaishi kwa amani.

5. Hijama na tohara: wembe mpya kwa kila mtu, ufunguliwe mbele yake. Asiyetaka, tusimpe mwili wetu wala wa watoto wetu.

6. Anayeoga au kulima katika maji ya konokono apime choo na kumeza dawa ya kichocho inapogawiwa. Na karanga na mahindi yaliyoota ukungu tusiyale, kwani sumu ya ukungu ule huongeza saratani ya ini.

7. Misikiti. Mtu akifa tunachangia sanda, gari na chakula cha wageni ndani ya saa moja, Allah atulipe. Mtu akiwa hai anahitaji faranga za ekografi, tunamwambia awe na subira. Tuanzishe kisanduku cha vipimo katika kila msikiti, hata kama kitaanza kwa faranga mia mia. Katika Suratul Maida aya ya 32 Allah amemfananisha anayeokoa nafsi moja na aliyeokoa watu wote.

Kwenye madrasa yangu nimeanza na dogo: mzazi anayemwandikisha mtoto huja na kadi yake ya chanjo. Wapo walionuna. Wanaendelea kuja na kadi.

Imebaki kumsema yule mama mdogo. Baada ya mazishi alifukuzwa katika nyumba ya dada yake, watoto wa mtaani wakawa wanamkimbia, na aliyekuwa akiuza maandazi hakupata tena wa kuyanunua. Majibu ya damu ya dada yake na wapwa zake yalitoka, na hakuna aliyekwenda kumwambia. Mimi nilikwenda, nimechelewa miezi. Nilimtaka radhi mbele ya wanawe. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza kama wapwa zake wanameza dawa. Nikamwambia wanameza. Akasema alhamdulillah.

Waliokuwa kwenye kikao kile na wanasoma haya, nyumba yake mnaijua. Nendeni kabla hamjasimama naye mbele ya Mwenye kujua nani alilisha sumu na nani alizua.

Ewe Mola wetu, warehemu vijana wetu waliotangulia, waponye wagonjwa wetu, zisafishe ndimi zetu na dhana na uzushi, na utujaalie kuwa wenye kuzishika sababu na kukutegemea Wewe. Aamin.

Wallahu aalam. Wabillahi tawfiq.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.